Lenzi ya kupigia picha za ndege JKIA na Wilson: 100-400 au 150-600?

#1 Njiru_Angani
Hamjambo wanajamvi. Ninatumia kamera ya Canon ya DSLR (ile yenye kioo cha kuakisi picha hadi kwenye tundu la kutazamia) yenye kihisi kidogo cha APS-C, pamoja na lenzi ya milimita 70-300 niliyoinunua ikiwa imetumika. Ninachopenda kupiga ni ndege tu: zile kubwa za abiria zinazokuja kutua JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, na zile ndogo za uwanja wa Wilson. Nikiwa kwenye milimita 100 au 150 picha zinanitoka safi, lakini nikiivuta lenzi hadi 300 kingo za herufi ubavuni mwa ndege hufifia, na madirisha yanaungana yakawa mstari mmoja wa kijivu. Nimetenga takriban shilingi laki moja. Je, ninunue 100-400, au nijikaze niende moja kwa moja hadi 150-600? Jirani yangu, ambaye pia ana ugonjwa huu, anashikilia kwamba kwa mpiga picha wa ndege milimita hazijawahi kuzidi.

#2 Wilson_Asubuhi
Jirani yako amesema kweli. Chukua 150-600 ya Sigma, lakini iwe ile ya Contemporary, kwa sababu ina uzito wa gramu 1,930, ilhali ile ya Sport ina gramu 2,860 na mkono wako utalalamika kabla ndege ya tatu haijapita. Tamron G2 nayo iko katika uzito unaokaribiana na Contemporary na si mbaya hata kidogo. Mwenye milimita 600 anaweza kurudi hadi 200 akitaka, lakini mwenye 300 hana pa kwenda.

#3 MwalimuFizikia
Kabla hatujamtoa ndugu yetu laki moja mfukoni, tupige hesabu. Kihisi cha APS-C cha Canon kina upana wa milimita 22.3 hivi. Boeing 787-8, ambayo Kenya Airways inaitumia, ina urefu wa mita 56.7. Kwa lenzi ya milimita 300, ndege hiyo inajaza fremu kutoka ubavuni ikiwa umbali wa takriban mita 760. Kwa 400 inajaza ikiwa kama kilomita moja, na kwa 600 ikiwa kilomita moja na nusu. Embraer 190, yenye urefu wa mita 36 na kidogo, inajaza fremu kwa 300 ikiwa mita 490 hivi. Mtu anayesimama upande wa Syokimau wakati ndege zinapokuja kutua hahitaji 600 ili kuijaza fremu. Anachohitaji ni kuisubiri ndege ifike. Ukinunua 600 ili uipige ndege iliyo mbali zaidi, umenunua pia ile hewa yote iliyo katikati.

#4 Wilson_Asubuhi
Hesabu yako ni nzuri, Mwalimu, ila imeishia JKIA. Mwenye uzi ametaja Wilson. Cessna Grand Caravan, ambayo ndiyo utakayoiona pale kuliko nyingine yoyote, ina urefu usiofika mita 13. Kwa lenzi ya 300 lazima uwe umbali wa mita 170 hivi ndipo ijae fremu, na hakuna atakayekuruhusu kusimama hapo bila kibali. Kwa 600 utaijaza ukiwa mita 340, yaani nje ya uzio na bila maswali mengi. Narudia: 150-600.

#5 Dada_wa_Embakasi
Nadhani mnajibu swali ambalo bado halijathibitishwa. Mwenye uzi hakusema kwamba ndege zake ni ndogo katika fremu, bali kwamba zimefifia. Mimi ninaona tatizo ni joto. Lami ikishapata jua, hewa iliyo juu yake inapanda ikiwa na joto lisilolingana, na mwanga unaopita humo unapindwapindwa. Macho yanaona mazigazi barabarani, nayo kamera inaona herufi zilizoyeyuka. Januari na Februari hapa Nairobi, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, sijawahi kuona lenzi yoyote, ya bei yoyote, ikitoa picha safi ya ndege iliyo chini kwenye njia ya kurukia umbali wa kilomita moja. Ndege ikiwa angani na wewe ukiitazama kwa kuinua kichwa, hali inakuwa nafuu, kwa kuwa mstari wa macho unaiacha haraka ile tabaka ya joto iliyo karibu na ardhi. Kwa hiyo ningependa kujua: picha hizo zilipigwa saa ngapi, na ndege ilikuwa juu au chini?

#6 Mzee_wa_Filamu
Enzi zetu za filamu joto lilikuwepo na lami ilikuwepo, na herufi zilisomeka. Vijana mkikosa jibu mnailaumu hewa kwa sababu haiwezi kujitetea. Mwulizeni kwanza kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga. Mtu mwenye lenzi ya 300 kwenye kihisi kidogo ana mwono sawa na wa milimita 480, na akiwa anapiga kwa 1/250 ya sekunde huku anazungusha kiuno kuifuata ndege, hata lenzi ya milioni moja haitamwokoa.

#7 Njiru_Angani
Shikamoo Mzee, na ahsanteni nyote. Niwajibu kwa pamoja. Nyingi zilipigwa kwa 1/500, apacha (tundu la lenzi la kupitishia mwanga) ikiwa wazi kabisa, yaani f/5.6 pale kwenye 300; namba ya f ikipanda, tundu linapungua. Saa zilikuwa kati ya saa tano na saa nane mchana, kwa kuwa ndio muda ninaotoka. Nyingine ndege ilikuwa angani inakuja, nyingine imeshatua. Kidhibiti mtikisiko kilikuwa kimewashwa muda wote. Mbele ya lenzi kuna kichujio cha UV nilichopewa pamoja nayo, na sijawahi kukitoa.

#8 Kioo_Safi
Hapo kwenye kichujio ndipo ningeanzia, na ninashangaa hamjalirukia jambo hilo. Kioo cha bei ndogo ambacho hakijasawazishwa vizuri hakionyeshi madhara kwenye milimita 70, lakini kasoro yake inakuzwa pamoja na kila kitu kingine unapovuta hadi mwisho. Kitoe. Kisha fanya jaribio la nyumbani: asubuhi na mapema, funga kamera kwenye tripodi, zima kidhibiti mtikisiko, tafuta kibao chenye maandishi madogo umbali wa mita 50 hivi, na upige kwenye 300 kwa f/5.6 na kwa f/8. Piga mara nyingi kwa kutazama kwenye tundu la kamera, kisha rudia kwa kutumia skrini ya nyuma. Skrini ikitoa picha kali na tundu likatoa picha laini, basi lenzi yako ni nzima ila fokasi ya kamera inapiga mbele au nyuma ya kitu. Zote zikiwa laini kwa f/5.6 na zikapona kwa f/8, hiyo ndiyo tabia ya lenzi yenyewe. Lenzi nyingi za 70-300 huchoka pale mwisho, na kupunguza apacha kidogo kunazisaidia sana.

#9 MwalimuFizikia
Niongeze jambo juu ya alichosema Mzee katika #6, maana ana haki kwa nusu. Ndege ya abiria inayotua huenda takriban mita 70 kwa sekunde. Kwa 1/500 inasogea sentimita 14, na ikiwa umbali wa mita 500 mbele ya lenzi ya 300, taswira yake inahama kwenye kihisi kama vipikseli 20 iwapo hukuifuata kabisa kwa kamera. Ukiifuata vizuri, mwendo huo unakaribia kufutika. Kwa hiyo 1/500 inamtosha mwenye kiuno laini na haimtoshi mwanafunzi. Pandisha hadi 1/1000 au 1/1250 kwa ndege za jeti, kisha utazame tena.

Aina za ukungu wa picha hazifanani, naye anaweza kuzitofautisha akizikuza kwenye kompyuta. Kamera ikitikisika, kila nukta inaburutwa kuelekea upande mmoja. Fokasi ikikosea, kitu kilicho mbele au nyuma ya ndege kinakuwa kikali kuliko ndege. Joto linazifanya kingo ziwe na mawimbi, na picha mbili zilizopigwa kwa kufuatana zinatofautiana: katika moja herufi K imepinda, katika inayofuata imenyooka na jirani yake ndiyo imepinda.

#10 Mzee_wa_Filamu
Nimepewa nusu ya haki na mwalimu. Ninaipokea kwa moyo mkunjufu, na nusu iliyobaki nitaidai baadaye.

#11 Syokimau_Mtazamaji
Wakati mnabishana juu ya vioo, mnasahau mwanga. Ndege nyingi za JKIA hutua kwenye njia ya kurukia ya 06, inayoelekea kaskazini-mashariki, kwa sababu upepo wetu hutoka mashariki mara nyingi, kwa hiyo zinapita juu ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, kisha zinavuka Mombasa Road zikiwa chini. Simama upande wa Syokimau na jua litakuwa mgongoni mwako wakati wote. Mwanga ukiwa mzuri, hata lenzi ya 70-300 inaonekana ghali.

#12 Dada_wa_Embakasi
Ndugu Mtazamaji, "wakati wote" hapana. Tuko kusini kidogo tu ya ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri linakuwa kaskazini yetu, na wewe uliyesimama Syokimau unatazama kaskazini-magharibi, kwa hiyo Juni kuanzia saa tano unapiga ubavu ulio kivulini. Hapo ni afadhali upande wa pili wa njia, ule wa kuelekea mjini, nyakati za alasiri. Maneno yako ni sahihi kabisa kwa Desemba asubuhi.

Jambo hili linahusu lenzi pia. Juni hadi Agosti wingu linafunika Nairobi karibu kutwa, na hapo lenzi ya f/6.3 inakulazimisha kupandisha ISO, yaani wepesi wa kihisi kuhisi mwanga, hadi picha ijae chembechembe. Wakati huohuo, wingu hilohilo linaituliza hewa. Kila msimu una dhambi yake.

#13 Wilson_Asubuhi
Ningependa kupinga ushauri wa 1/1000 kabla haujageuka kuwa sheria. Kwa ndege za rafadha, yaani zenye mapanga yanayozunguka, kasi hiyo inaigandisha rafadha, na ndege inaonekana kama imezimika injini angani. Rafadha ya Caravan huzunguka hadi mara 1,900 kwa dakika, yaani karibu mara 32 kwa sekunde. Kwa 1/250 inazunguka sehemu ya nane ya duara, ambayo ni mviringo wa kupendeza. Rafadha za Dash 8-400 za Jambojet ni polepole zaidi: kwenye kuruka ni mizunguko 1,020 kwa dakika, kwa hiyo 1/250 inaonyesha mwendo mdogo tu, na unahitaji kushuka hadi 1/125. Sasa shika lenzi ya 400 mkononi kwa 1/125 uifuate ndege, ndipo utajua kwa nini watu hulipia kidhibiti mtikisiko kizuri.

#14 Mzee_wa_Filamu
Na helikopta?

#15 Wilson_Asubuhi
Helikopta ni adhabu, Mzee. Rota ya AS350 inazunguka chini ya mara 400 kwa dakika. Ukitaka ionekane inazunguka, ni 1/60, na picha nyingi utazifuta.

#16 Kioo_Safi
Kwa kasi hizo za chini, swichi ya kidhibiti mtikisiko ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Lenzi nyingi za kundi hili, kama Canon 100-400 na Sigma 150-600, zina hali ya pili ambayo haipingani na kamera inapozungushwa kwa ubapa, bali inasahihisha mtikisiko wa juu na chini tu. Ukiifuata ndege huku swichi iko kwenye hali ya kwanza, kidhibiti kinaweza kushindana nawe. Njiru ameandika kwamba kilikuwa kimewashwa, lakini hakusema katika hali ipi, na huenda ndiyo sababu ya yote haya.

#17 Mgeni_Ruai
Samahani kuingilia. Mbona hakuna aliyetaja Canon RF 100-400? Ina gramu 635 tu, bei yake ni ya kibinadamu, na inaingia kwenye begi la kawaida.

#18 Kioo_Safi
Karibu, Mgeni. Ni lenzi nzuri kwa uzito wake, lakini haiingii kwenye kamera ya Njiru. Amesema anatumia DSLR, na lenzi za RF ni za kamera zisizo na kioo. Njia ya kinyume ndiyo inayowezekana: lenzi ya EF, ile ya DSLR, inafungwa kwenye kamera ya RF kwa adapta. Isitoshe, hiyo inafika f/8 pale kwenye 400, na Dada ameshaeleza Julai yetu ilivyo.

Kwa laki moja ningetazama 100-400 ya Tamron au ya Sigma, zote za mwaka 2017. Zina uzito wa kilo moja na gramu mia na kitu, na kichujio chake ni cha milimita 67, si 95 kama Sigma Contemporary na Tamron G2 za 150-600. Zikiwa zimetumika zinaingia kwenye bajeti hiyo bila kusukumana. Canon 100-400 ya toleo la pili, ile ya mwaka 2014, ni bora kuliko hizo, lakini sidhani laki moja itaifikia ikiwa katika hali nzuri. Ukiagiza mpya kutoka nje, kumbuka VAT ya asilimia 16 na ushuru mwingine, ambao huja baada ya furaha.

#19 Syokimau_Mtazamaji
Je, konveta ya mara 1.4, kile kipande cha kukuza kinachofungwa kati ya kamera na lenzi, kwenye hiyo 70-300 yake? Ingempa 420 kwa pesa kidogo.

#20 MwalimuFizikia
Ingempa pia f/8 badala ya f/5.6, na kamera nyingi za DSLR za daraja la kati ama haziwezi kupata fokasi kwenye f/8 ama zinatumia nukta ya katikati peke yake. Zaidi ya hayo, si kila konveta inaingia kwenye kila lenzi. Na kama lenzi yenyewe ni laini, konveta itaukuza ulaini huo mara 1.4 bila upendeleo.

#21 Dada_wa_Embakasi
Naomba tusipite bila kutaja ruhusa. Viwanja vyote viwili viko chini ya KAA, Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Kenya, na mtu anayetaka kupiga ndani ya eneo la uwanja aombe idhini ya maandishi kwanza. Kwa walio nje, msisimame kwenye Expressway wala pembezoni mwake kwa ajili ya picha. Askari akikuuliza, jibu kwa utulivu na umwonyeshe picha zenyewe. Lenzi ya 150-600 nyeupe au nyeusi, ikiwa imevutwa yote na kuelekezwa kwenye uzio, inaita maswali ambayo 100-400 haiiti. Hicho nacho ni kigezo cha kuchagua, ingawa hakiandikwi kwenye kasha.

Mbuga ya Nairobi ni mahali pazuri pa kuzipiga zikikaribia, lakini mle hushuki garini isipokuwa kwenye sehemu zilizotengwa. Weka mfuko wa mchanga dirishani, zima injini, na upige kwa upande usio na boneti, kwa maana joto la gari lenyewe linatosha kuharibu picha ya 400.

#22 Njiru_Angani
Nimerudi na matokeo. Nilikitoa kichujio, nikapandisha shata hadi 1/1000, nikatoka saa moja na nusu asubuhi. Ndege ya mizigo aina ya 747 ilipita, na ninaweza kusoma nambari ya usajili karibu na mkia na hata kuhesabu vioo vya chumba cha marubani. Lenzi ni ileile, milimita ni zilezile 300. Nadhani Kioo_Safi alipatia: mwizi alikuwa kichujio.

#23 Dada_wa_Embakasi
Hongera kwa picha, lakini hukumu yako sikubaliani nayo. Umebadilisha kichujio, kasi na saa kwa mpigo mmoja. Asubuhi hiyo hewa ilikuwa bado baridi. Rudisha kichujio chako saa hiyohiyo, kwa kasi hiyohiyo, kisha utuambie.

#24 Mzee_wa_Filamu
Amebadilisha kasi kutoka 1/500 hadi 1/1000 na picha zimepona, halafu mnagombania kioo na hali ya hewa. Ile nusu yangu iliyobaki, Mwalimu, ninaidai sasa.

#25 MwalimuFizikia
Mzee, siwezi kukulipa kwa sababu hata mimi sijui deni ni la nani. Picha zake za zamani zikiwekwa hapa bila kupunguzwa ukubwa, zile zilizopigwa kwa kufuatana, tungetazama kingo. Bila hizo kila mmoja wetu anaitetea imani yake.

#26 Wilson_Asubuhi
Na 747 yenye urefu wa mita 70 na zaidi haijathibitisha lolote kuhusu Wilson. Mlete asubuhi moja kwenye Caravan na hiyo 300 yake, tuone kama ataisoma nambari ya usajili kutoka Lang'ata Road.

#27 Njiru_Angani
Nitaleta zote mbili. Hata hivyo nimepata mtu anayeuza Tamron 100-400 iliyotumika, na tumepanga kukutana mjini. Niangalie nini?

#28 Kioo_Safi
Nenda na kamera yako, kadi tupu na tochi ya simu. Fungua vifuniko vyote viwili, mulika kutoka nyuma, na utazame kwa mbele ukiwa umeinamisha lenzi. Vumbi kidogo halina neno, ila nyuzi nyembamba zinazotawanyika kutoka ukingoni ni kuvu, na hapo unamshukuru muuzaji na kuondoka. Elekeza lenzi chini uone kama inajivuta yenyewe kwa uzito. Ikijivuta si mwisho wa dunia, lakini ni hoja ya bei. Zungusha pete ya kuvuta polepole kutoka 100 hadi 400 ukisikiliza mchanga. Kisha piga kitu kilicho mbali kwenye 400, pembe zote nne za fremu, kwa sababu lenzi iliyowahi kuanguka mara nyingi hutoa pembe moja kali na nyingine laini. Mwisho, mwulize kama anayo risiti.

#29 Mzee_wa_Filamu
Na akikupa kichujio cha bure, mwachie.